Niliingia Kaburini Kudai Propela

Wakuu, kaburi lililochimbwa vizuri lina ubaridi wake mtamu. Naongea kama mtu aliyelala humo mchana kweupe, mzima wa afya, nimevaa kanzu, huku nusu ya kijiji cha Mvumi wamesimama juu wananichungulia.

Na hakuna aliyenisukuma. Niliingia mwenyewe.

Naitwa Nasri, mkazi wa Makole hapa Dodoma. Natengeneza simu, lakini hiyo ni kazi ya kuniweka mjini tu. Ugonjwa wangu ni vifaa vya ndege za zamani. Meza yangu ya sebuleni ni tairi la ndege. Mlangoni nimeweka kiti cha rubani, wageni wanakikalia kuvua viatu.

Ukiniletea kifaa, nitasoma kibati chake cha namba, nitakipima uzito kwa mkono, nitakunusia hata grisi yake, nikwambie kimetoka ndege gani. Nisipojua, nakwambia vilevile.

Tuna kundi letu la wasapu. Msimamizi ni rafiki yangu Abdulswamadu, mtu wa kanuni kuliko mahakama. Mwaka huu tulipanga maonyesho ya kwanza mjini, na sharti lake likawa moja tu: hakiingii kitu ambacho hakijawahi kuruka.

Sharti hilo lilitungwa kwa sababu yangu. Niliwahi kuapa mbele ya kundi zima kwamba kifaa fulani ni cha injini ya ndege. Ikaja kugundulika ni cha mashine ya kusaga. Tangu hapo wananiita Kinu.

Basi nilikuwa na hamu ya kurudisha heshima yangu mpaka usingizi unakatika. Na nilijua heshima hiyo iko wapi. Ilikuwa inaning'inia ukutani kwa Mzee Yotham.

Mzee Yotham alikuwa Mgogo wa Mvumi. Ujanani alifyeka majani kwenye kiwanja kidogo alikokuwa akitua daktari mmoja na kindege chake. Juu ya kiti chake sebuleni, karibu na dari, alitundika propela. Imepakwa rangi ya kijivu, ukingo wake una bati linalong'aa, katikati ina matundu ya bolti yaliyopangwa duara.

Siku ya kwanza kuiona nilisimama mlangoni naikodolea macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unatazama juu?"

Hapo ndipo nilipoanza kutoa somo. Nikamwambia hiyo ni propela ya mbao, ya kabla ya vita ya pili, adimu kabisa. Nikamweleza mbao zinavyobandikwa na kwa nini ukingo unawekwa bati. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Kumbe," akasema.

"Unaiuza?"

"Haiuzwi."

"Basi niishike kidogo tu."

"Haishikwi."

Alipojua mimi ni Mnyamwezi, nilikoma. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Mzee Yotham utani aliuchukulia kama kazi ya serikali.

"Babu zako walipita hapa wamebeba pembe za ndovu, wakatumalizia maji," alikuwa akiniambia. "Wewe sasa unataka kupita na propela yangu."

Nilirudi mara nyingi, kila mara na kilo za sukari na makisio mapya ya mwaka ilipotengenezwa ile propela. Nilipekua vitabu, nikapekua mitandao, sikuona yenye umbo kama lile popote duniani. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaona huo ndio uthibitisho wa uadimu wake.

Kisha mzee akafariki.

Nililia, wakuu, sitawaficha. Nilikuwa nimempenda yule mzee. Halafu, Mungu anisamehe, kabla sijapangusa makamasi nikaikumbuka propela.

Tulikwenda msibani kwa gari la Abdulswamadu. Njiani nikawa nalalamika kwamba sijui nitaanzaje kuomba kitu kwa wafiwa.

"Kwani wewe si mtani wao?" akaniuliza. "Mtani haombi. Anadai."

Kwa wasiojua: msibani mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka, na mfiwa hatakiwi kukasirika. Huwa wanampa kitu kidogo, watu wanacheka, uchungu unapungua, maziko yanaendelea.

Basi wachimbaji walipotoka tu, mimi nikatumbukia. Nikajilaza chali, nikakunja mikono kifuani.

"Nani huyo?" sauti ya mchungaji.

"Mnyamwezi wa baba," akajibu Raheli. Huyu ni binti mkubwa wa marehemu, mama mtu mzima. Akachungulia. "Nasri, unatafuta nini huko?"

"Propela."

Juu nikasikia kicheko kimoja, kikafuatwa na cha pili.

"Tukupe jogoo."

"Sitaki jogoo. Nataka kinachoruka."

"Na jogoo anaruka," mtu akasema.

"Haruki vya kutosha."

Mchungaji akakohoa kile kikohozi cha kutazama saa. Raheli akainama zaidi.

"Usipotoka tunamshusha baba hivyohivyo, juu yako."

"Mshusheni. Tutabanana."

Umati uliangua kicheko mpaka wabebaji wakaliweka jeneza chini wapumue. Raheli akashika bega la jirani yake, machozi yanamtoka, akapunga mkono.

"Mpeni propela yake atoke, tafadhali."

Nikatoka na vumbi langu kama bingwa. Lakini nikaona kitu hakijakaa sawa. Kicheko hakikuisha. Mtani huchekwa dakika moja, watu wakarudi kwenye majonzi yao. Hawa wakinitazama tu, wanaanza upya. Kuna baba mmoja alikwenda kujificha nyuma ya mti.

Tukamzika mzee. Nilitupia udongo wangu nikamwombea kimoyomoyo. Tuliporudi nyumbani kungoja chakula, wakaishusha propela ukutani, nikaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Ilikuwa nzito kupita kiasi. Abdulswamadu akatoa funguo, akakwaruza rangi kidogo kwa nyuma.

"Nasri. Propela za mbao si hubandikwa mbao nyembambanyembamba?"

"Ndiyo."

"Hili ni gogo moja. Na ni mninga."

Akabinua lile bati la ukingo kwa ukucha. Upande wa ndani palikuwa na picha ya mama anakaanga maandazi. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia.

Nikamtazama Raheli. Naye alikuwa ananingoja.

"Baba alikuwa pia seremala," akasema. "Kindege cha daktari kiligonga ng'ombe wakati kinatua, propela ikavunjika. Baba akaipima ile iliyovunjika, akakata mninga, akachonga hii ili daktari asikwame. Rubani wa daktari alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Wakangoja ya chuma kutoka mbali. Baba akaitundika yake ukutani. Mvumi nzima wanajua."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hukumuuliza. Ulifika, ukamwambia wewe. Akasema huyu kijana kasoma, tusimsumbue." Akaanza kucheka tena. "Alituambia, siku yangu msilie sana. Yuko Mnyamwezi atakuja kuwachekesha, mumwache alale humo kidogo."

Wakuu, mtu yuko ndani ya jeneza na bado kanitania, kanimaliza.

Abdulswamadu akanigeukia na uso wake wa kanuni.

"Pole, Kinu. Haijawahi kuruka. Haiingii."

Hapo kitu kikanipanda. Aibu ilikuwepo, sikatai. Nililiona kundi zima likinisubiri na vikaragosi vyao vya kucheka. Lakini hasira yangu kubwa ilikuwa kwa yule rubani. Nilimwaza Mzee Yotham kijana, amesimama na kazi ya mikono yake, mtu mzima amekaa chini anamcheka. Na hakuna hata aliyeijaribu.

"Leteni bolti ndefu," nikasema. "Na mti."

Upepo wa Agosti wa Dodoma mnaujua. Tulisimamisha mti uwanjani, tukapachika propela juu yake kwa bolti moja ya katikati ili izunguke, Abdulswamadu akashughulikia nati kwa sababu ndiye mwenye spana. Tukarudi nyuma.

Ikatikisika. Ikazunguka nusu, ikasita. Kisha upepo ukaja wa maana, ikaanza.

Ilizunguka vizuri, wakuu. Haikuyumba. Yule mzee alikuwa ameisawazisha pande zote kwa jicho na patasi, ikawa inavuma kama nyuki. Raheli alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Upepo ukaongezeka. Mvumo ukapanda.

"Ile nati uliikaza?" nikamuuliza Abdulswamadu.

"Nilidhani wewe utamalizia."

Ikachomoka.

Ilipita juu ya turubai. Ikapita juu ya masufuria ya wali. Mchungaji akalala chini na suti yake. Ikakata kona, naapa ilikata kona, ikapanda kidogo kama inayotafuta njia, halafu ikateremka na kujisimika kwenye kioo cha mbele cha gari la Abdulswamadu.

Mchungaji akainua kichwa.

Kisha vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele vile msibani. Raheli alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, ameinua uso juu. "Baba, imeruka," alikuwa akisema. "Baba, imeruka."

Abdulswamadu akalizunguka gari lake taratibu. Akaitazama propela, imevunjika ncha moja. Akautazama mti kule mbali. Akapima umbali kwa macho, maana kanuni ni kanuni. Kisha akatoa simu, akapiga picha, akaandika kundini mbele yangu:

"Propela ya Mzee Yotham wa Mvumi. Imeruka. Nimeshuhudia. Inaingia."

Na iliingia. Tuliiweka katikati ya ukumbi na ncha yake iliyovunjika, na watu walipanga foleni kuiona.

Somo langu ni fupi. Ukikuta kitu ukutani kwa mzee, usianze kumweleza ni nini. Muulize, halafu ukae unyamaze. Mimi ningemuuliza Mzee Yotham ile siku ya kwanza, tungeirusha akiwa amesimama pale uwanjani anatazama.