Walivyokuja Kumfariji Mama Gwakisa

Mama Gwakisa alizaliwa Tukuyu, kwenye ukungu na mvua, na alipohamia Fridley, ughaibuni, kwa mwanawe aliwacheka waliomtisha. "Baridi mnaniambia mimi?" Na kweli, theluji haikumshinda. Kilichomshinda ni mbingu. Kuanzia Novemba ilishuka ikawa kama mfuniko wa sufuria, jua likichungulia kidogo na kwenda zake, naye akabaki ndani na uzito kifuani ambao hakujua auiteje.

Mwaka huu ulizidi. Wajukuu wakigonga mlango, "Bibi! Bibi!", anajifanya amelala. Gwakisa, ambaye ni nesi, akamnunulia taa nyeupe ya kukaa mbele yake asubuhi, badala ya jua. Mama aliitazama, akaguna.

"Mimi si kifaranga, Gwakisa. Iondoe."

Ikapandishwa juu ya kabati.

Mtu aliyeambiwa ukweli ni mmoja tu: rafiki yake Mama Humphrey, aliyeishi Savage, upande wa pili kabisa wa mji. Wote wawili hawakuendesha gari, kwa hiyo simu ndiyo ilikuwa kibaraza chao. Kila asubuhi kila mmoja na kikombe chake, simu juu ya meza, wanasengenya na kucheka mpaka chai inapoa.

"Mwenzangu," Mama Gwakisa alisema asubuhi moja, "jana nilivaa kiatu kimoja, cha pili kikanishinda."

"Kilikubana?"

"Hapana. Kilinishinda tu. Nikakaa kitandani na kimoja mguuni mpaka watoto wakarudi kutoka shule. Nalia, na hakuna aliyekufa."

Mama Humphrey akasema, "Pole, mama."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Mimi kaburi."

Jumamosi iliyofuata kengele ikalia. Alipofungua, akina mama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamejaa kwenye ngazi, vitenge chini ya makoti, hotpoti mikononi, wakiimba pambio. Sasa elewa: kazi hiyo ya kwenda kufariji wagonjwa, aliyeianzisha ni yeye. Ndiye aliyewafundisha kuingia wakiimba, na kutouliza mtu anaumwa nini. Leo wameingia kwake, naye amesimama na gauni la kulalia, kichwa wazi.

Viatu vya theluji vikarundikana mlangoni. Imelda, mdogo kuliko wote, akapiga goti.

"Shikamoo mama yetu. Pole sana. Hata mimi kuna siku kiatu cha pili kinanishinda."

Mama Gwakisa aliinua macho. Mama Humphrey alikuwa nyuma ya wenzake na hotpoti ya makande, anakagua mfuniko kama vile hajawahi kuuona.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Karibuni. Kaeni, mle."

Akaenda kufunga kilemba, akarudi, akawaongoza kuimba kwa sauti yake ileile ya kila siku. Hakuna aliyeona chozi. Ila wageni walipoanza kutafuta viatu vyao, alimvuta Mama Humphrey jikoni kwa mkono wa koti.

"Hata kiatu?"

"Nilitaka wajue ni kubwa. Ningesema unaumwa tu, wangeleta Panado."

"Ungesema mgongo. Kudanganya umesahau leo? Kwa mumeo mbona hujawahi kusahau?"

Mama Humphrey hakucheka. "Niliogopa. Niliogopa siku moja nitapiga simu usipokee."

"Ungeogopa kimya kimya, kama mimi."

Akamkabidhi hotpoti yake, makande yakiwa bado hayajaguswa.

Jumatatu alimwambia Gwakisa ateremshe ile taa. Mwana alifungua mdomo. Mama akamnyooshea kidole. "Usiseme neno." Hakuwa ameipenda. Alikuwa ameapa kwamba wale wanawake hawatapanda tena ngazi ile kwa ajili yake. Basi akakaa mbele ya taa kila asubuhi, kifaranga mwenye kilemba, mpaka kidogo kidogo kiatu cha pili kikaanza kutii, na wajukuu wakigonga wanafunguliwa.

Mama Humphrey bado anapiga kila asubuhi. Simu inapokelewa; kutopokea ni utovu wa adabu.

"Umeamkaje, Mama Gwakisa?"

"Salama."

"Na usingizi?"

"Mzuri."

"Huna la kuniambia?"

"Sina. Wasalimie nyumbani."

Simu inakatwa, na chai bado ya moto.