Kompyuta Zilizofunikwa Vitambaa

Kwa miaka mingi nilifundisha kukereza vyuma katika chuo kimoja cha ufundi pale Moshi. Elimu yangu ilikuwa kidato cha nne. Mengine niliyapata kwa mikono. Miaka ya tisini, viwanda vilipoanza kuuzwa kwa watu binafsi na mashine mpya kuingia, wafadhili walituletea kompyuta nne ili wanafunzi wajifunze kuchorea na kuongozea mashine. Mkuu wa chuo alinikabidhi ufunguo wa chumba.

Nilizitunza kama tunavyotunza redio sebuleni. Mke wangu alifuma vitambaa vyeupe, nikazifunika. Kila Ijumaa wanafunzi waliingia kufuta vumbi, kisha nikafunga. Karakanani niliendelea na utaratibu niliofundishwa mimi: muhula mzima mtu anasugua kipande cha chuma kwa tupa mpaka kiwe mraba kamili.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa binti aliyetoka mji mdogo wa Kwa Sadala. Aliomba mara kadhaa tuziwashe. Nilimjibu kwamba kompyuta haijui chuma, amalize kwanza kipande chake. Alikimaliza kabla ya wenzake wote. Nikampa kingine.

Mwaka wake wa mwisho, kiwanda kimoja kilichopata mmiliki mpya kilitaka mkerezaji mmoja. Nilipeleka jina lake bila wasiwasi. Siku ya usaili alirudi mapema, akanikuta karakanani na wenzake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wamekuchukua?"

"Mashine yao inaongozwa na kompyuta. Wameniuliza kama nimewahi kuigusa." Akaweka begi chini. "Nimewaambia nimeifuta vumbi miaka mitatu."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nilichukua ufunguo, nikamwambia anifuate. Nilitoa kitambaa kwenye kompyuta moja, nikatafuta pa kubonyeza, nisipaone.

"Kumbe mwalimu hujui?"

"Sijui. Niliogopa mtagundua."

Alipapasa nyuma ya kompyuta, akaiwasha. Tulikaa pale mpaka kengele ya mwisho, yeye akisoma kitabu cha maelekezo, mimi nikimshikia ukurasa. Tangu siku hiyo ufunguo ulibaki mlangoni. Waliomfuata walifaidika. Yeye hapana, kiwanda kilikuwa kimeshamchukua mtu wa Arusha.

Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Kwa Sadala. Nikipita hunipa kiti, na bado ananiita mwalimu. Kile kipande chake cha kwanza anakiweka juu ya karatasi zisipeperuke. Kila nikikaa pale nakipima kwa macho. Hakina kosa.