Darasa Lililoshuka Ngazi

Makochi ninayoyatengeneza Jeppestown, hapa Joburg, yanakaliwa Midrand, kwenye nyumba ambazo kabla hujafika mlangoni umeshaulizwa mara tatu unatoka wapi. Nayapeleka mwenyewe, kwa lori langu. Shule niliachia darasa la nne, Bukavu, na kochi la kunishinda bado halijazaliwa. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa akimbeba binti yake mgongoni kila asubuhi, ghorofa tatu, katikati ya mji, na kufika juu bila kuhema.

Binti yangu hatembei. Alizaliwa hapahapa Joburg, miguu ikamkatalia tangu mwanzo. Shule tulizojaribu zilikuwa na majibu ya adabu: karatasi zake hazijakamilika, au nafasi zimejaa, au hatuna choo cha mtoto kama huyu. Iliyompokea ni moja tu, chumba kimoja juu ya kanisa letu la ghorofa ya pili, kwenye jengo la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujaja. Mwalimu alikuwa mama Mkenya. Pale watoto ndio waliochagua cha kujifunza. Asubuhi wanakaa duara, wanabishana, wanapiga kura, naye anawafuata. Mimi niliona ni mchezo. Mtoto achague? Marehemu baba yangu angenichagulia fimbo. Lakini binti yangu alikuwa akirudi nyumbani anazungumza hadi ugali unapoa, nami nikaendelea kumpeleka.

Asubuhi moja nilimfikisha juu nikakuta ubishi umewaka. Kasichana kamoja, ambako mama yake anauza nyanya pale nje, kalikuwa kamesimama juu ya kiti.

"Kwa nini yeye ndiye apande? Sisi tuna miguu. Sisi tushuke!"

Nikacheka. "Nani anapanda? Ni mimi ninapanda. Na sijachoka."

"Lakini Papa," binti yangu akasema, bado yuko mgongoni, mdomo karibu na sikio langu, "wewe haukuulizwa."

Walicheka hadi mwalimu akafunika mdomo. Wakapiga kura. Mikono yote ikaenda juu.

Basi darasa likashuka. Wakapanga viti kwenye korido ya chini, karibu na mlango mkubwa. Na kwa vile walikuwa wanachagua wenyewe, wakachagua kuuliza ni nani mwingine kwenye jengo lile ambaye ngazi zimemfungia. Wakamkuta bibi mmoja ghorofa ya nne, hajakanyaga barabara tangu lifti ife. Wakagawana zamu za kumpelekea mkate na kumsikiliza. Hesabu zao, maandishi yao, yote yalitoka huko. Binti yangu alikuwa akiingia darasani mwenyewe, akisukuma magurudumu ya kiti chake kwa mikono yake, kidevu juu. Mimi nabaki nje kando ya lori, mgongo wangu unasikia baridi.

Kisha akaja msimamizi wa jengo.

"Eish, bhuti, ndugu yangu, korido ni ya kupita watu. Mwenye jengo amesema warudi juu au watoke. Mwisho Ijumaa."

"Nitatengeneza lifti. Kwa pesa yangu."

"Lifti ya mtu usiyemjua?"

"Nipeleke kwake."

"Hata mimi simjui. Napigiwa simu tu."

Nimebishana na matajiri wa Midrand wakashuka bei wenyewe. Lakini utabishana vipi na simu? Nikatafuta chumba cha chini mji mzima. Wenye vyumba wakisikia ni watoto wa wageni, kimeshachukuliwa. Nikatoa karakana yangu. Mwalimu akaja, akanusa gundi, akaona misumeno, akatikisa kichwa. Alikuwa na haki.

Ijumaa watoto wakakaa duara. Wakasema wote watatoka pamoja na mwenzao. Mwalimu akawaambia ukweli: nje hakuna chumba, wakitoka shule imekwisha.

"Basi iishe!" kale kasichana ka muuza nyanya kakasema.

Binti yangu akanyoosha mkono. "Nyinyi pandeni. Yule bibi atakula nini?"

Nikaingilia. "Shida iko wapi? Nitakubeba. Nimekubeba miaka yote."

"Papa, nina miaka kumi na mbili. Nimeshaingia mwenyewe. Kule juu sitabebwa tena."

Nyumbani kwangu nikishasema, imekwisha. Nikamgeukia mwalimu anisaidie. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Baba, ameamua."

"Huyu ni mtoto!"

"Ndiyo," akasema. "Ni mtoto."

Safari hii hawakupiga kura. Wakanyanyua viti kimoja kimoja, wakapanda. Kale ka nyanya kakagoma chini ya ngazi, hadi binti yangu akakaambia kitu kwa Kizulu, polepole, nako kakapanda kanajifuta pua na mkono wa sweta. Korido ikabaki na sisi watatu. Mwalimu akamkumbatia binti yangu, kisha akawafuata watoto juu.

Lori langu ni refu, hakuna njia nyingine, ilibidi nimnyanyue kumweka kwenye kiti cha mbele. Nikakunja kiti chake cha magurudumu, nikakitupa nyuma pamoja na sponji. Nikaingia. Madirisha ya juu yalikuwa wazi, na sauti zao zilitufikia: wameshaanza kubishana wajifunze nini.

Nikashika ufunguo.

"Ngoja, Papa," akasema. "Usiwashe kwanza."

Nikaondoa mkono. Tukakaa, anasikiliza.