Mistari Mitatu Isiyoota

Tulikuwa watu saba hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Mbarara, wote tumetoka Kivu ya Kusini, na tulilima kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Wa saba alikuja mwisho. Kule nyumbani, watu wa kijiji chake na wa kijiji chetu walichomeana nyumba. Kikundi kilimpokea. Mimi nilimpa mkono, moyo sikumpa.

Msimu ule yeye ndiye aliyetumwa Mbarara kuleta mbegu za maharage. Tulimngoja siku ileile. Alirudi kesho yake, na gunia lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Nani alifungua hili gunia?" nikamuuliza.

"Lilipasuka ku barabara. Mama mumoja wa kwenye kambi ya basoda alinishonea. Nikachelewa, nikalala kwa batu ba kanisa."

Mke wa askari amshonee mkimbizi gunia? Nilijua tu mbegu zimebadilishwa.

Zamu yangu ilipofika nilijipanga naye makusudi, nipate kumchunga. Yeye alichimba mashimo, mimi nikamfuata nikitia mbegu na kufukia kwa mguu. Sikuondoa macho kwenye mikono yake, wala mifuko yake.

Baada ya wiki maharage yakaota, isipokuwa mistari mitatu ya katikati. Nikawaita wote.

"Munaona? Huyu mutu alituletea mbegu mubovu. Miye nilijua!"

Mama anayeongoza kikundi, mjane asiyependa maneno mengi, alipiga magoti akafukua shimo kwa vidole. La pili. La kumi.

"Mbegu ikioza inaacha ganda," akasema. "Humu hamuna kitu. Nani alikuwa anatia?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimepita mistari mitatu mizima nikimtazama yeye, nikifukia mashimo matupu.

Hata hivyo sikutulia. Uzi ule ulinisumbua. Nikapata safari ya Mbarara, nikaenda hadi nje ya kambi ya askari, nikauliza akina mama wanaouza vitu pale. Mmoja, muuza nyanya, akacheka.

"Gunia ya maharage? Mimi nilishona. Huyo muzee alikuwa anaokota moja moja kwa barabara, mpaka jua inaingia. Nilimwambia wacha, akakataa. Alisema si yake, ni ya watu."

Njia nzima ya kurudi nilitazama migomba ya Kaberebere bila kuiona. Nilipofika niliwaambia wenzangu kila kitu, yeye akiwa palepale.

"Basi tupande tena," akasema yeye. "Lakini leo weye utachimba."

Wakaja wote kurudishia mistari niliyoiharibu mimi. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma zaidi. Mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe, nami sijathubutu kuuliza. Ila zamu yangu ikifika, namkuta tayari shambani, ameanza kulima.