Vijiti vya Kiarie Mezani kwa Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Ruiru alfajiri, shingoni tai ya kuazima kwa mjomba, kwapani kamusi ya Kiingereza. Shule yenyewe ilikuwa ghala kuukuu la shamba la kahawa, na watoto wa vibarua walikaa juu ya mbao zilizotandazwa kwenye mawe. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na furaha niliyokuwa nayo ilinifanya nitake kupiga kelele. Kabla sijafungua kinywa, meneja wa shamba, Mzungu mrefu mwenye kofia ya jua, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, fundisha hawa Kiingereza kidogo tu," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Jua kusoma gunia. Basi, tosha."

"Ndiyo, Bwana," nikajibu. Alipogeuza mgongo tu, niliandika ubaoni neno la Kiingereza la "kwa sababu", nikamtaka kila mmoja anitajie jambo analoliamini na sababu yake. Msichana mmoja akasema anaamini mvua itanyesha, kwa sababu mguu wa nyanya yake umeanza kuuma. Nilimpigia makofi! Magunia yangengoja.

Nyinyi mnaosomea ualimu leo mnaniuliza kazi hii ilikuwaje zamani zetu. Kwanza mjue kwamba Kiingereza cha chuo kikuu si kile cha kuomba maji ya kunywa. Ni cha kusikiliza mhadhara saa nzima huku ukiandika nukuu, yaani maneno machache ya kukukumbusha mengi. Ni cha kusoma sura ndefu na kuifupisha iwe muhtasari wa aya moja. Na juu ya yote ni cha kujenga hoja: unasema unaloamini, unaliwekea sababu, mpaka anayekupinga akose pa kushika. Mimi ni mzee wa hasira za karibu, wajukuu wangu watawaambia, lakini nikisoma hoja iliyokaa sawasawa nasahau hata chai mezani.

Hata hivyo nilianza kwa kosa, na nitalisema bila kulipaka sukari. Wakati wetu kukariri ndiko kulikokuwa elimu. Tulikariri katekisimu, tukakariri zaburi, na mwanafunzi aliyemeza ukurasa mzima akautema bila kudondosha nukta ndiye aliyeshangiliwa. Kwa hiyo nilikaa chini nikatunga insha moja juu ya faida za elimu. Ilikuwa na aya sita, na ndani yake nilipakia kila neno nene nililolikuta katika kamusi yangu. Niliiita insha ya dhahabu. Wanafunzi wangu waliimeza kama dawa ya minyoo, na walipoitema mbele ya wageni, wageni walitikisa vichwa kwa mshangao. Sifa zikanipanda kichwani.

Baada ya miaka mitatu sifa hizo zilinipatia uhamisho kwenda shule moja mjini Thika. Hedimasta wake alikuwa Mzungu wa kanisa aliyejifunzia Kiswahili pwani, akakileta bara na chumvi yake yote.

"Mwalimu Gathogo, karibu," akaniambia. "Nakukabidhi darasa la maandalizi. Vijana wanne, kila Jumamosi. Waandae wapate kuingia chuo kikuu kule Kampala, nasi tutamshukuru Mungu."

Chuo kikuu! Niliondoka ofisini kwake natembea, lakini miguu ilitaka kukimbia.

Kati ya wale wanne alikuwepo Kiarie, karani wa kiwanda cha kahawa kule Ruiru. Alikuwa mwembamba, mpole, na shati lake lilikuwa safi kila Jumamosi ingawa alikuja Thika kwa baiskeli. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mtu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi. Kiarie alisimamishwa njiani na askari, akatoa pasi, akapekuliwa, akapanda tena baiskeli, na bado alifika kabla yangu. Baba yake alikuwa kizuizini. Mkubwa wake kiwandani alikuwa amemwambia wazi kwamba ruhusa ya Jumamosi ni ya mwaka huo tu. Akishindwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, angebaki kuandika majina ya magunia mpaka uzee. Alitaka kusomea kilimo kuliko alivyotaka kula.

Kiarie alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Kila alipotaka kuandika, alitoa vijiti mfukoni akavipanga juu ya dawati.

"Hiyo ni nini?" nikamfokea siku moja. "Hapa ni darasani ama ni malishoni?"

"Pole, Mwarimu," akasema. "Ni guka yangu, babu yangu, alikuwa mzee wa kiama, baraza la wazee. Alikuwa akiongea, kila neno kubwa anaweka kijiti chini. Hivyo hakuna neno linapotea, na mwenye kupinga anashika kijiti ile anapinga."

Nilicheka, na darasa likacheka nami. Kiarie alivirudisha vijiti mfukoni akainamisha kichwa. Nikamwambia aache mambo ya guka, ashike insha ya dhahabu, akaishika. Kijana wa kwetu hakumbishia mwalimu.

Mtihani ukafika. Na bahati ikawa kubwa kupita kiasi, maana swali la insha liliuliza juu ya elimu! Vijana walitoka chumbani meno nje. "Mwarimu, dhahabu imetoka!" wakaniambia. Jioni hiyo nilijinunulia nyama.

Majuma mawili baadaye Hedimasta aliniita, na sauti yake haikuwa na chumvi tena. Ndani nilimkuta Mkaguzi wa Elimu kutoka Nairobi, mzito, kiko mdomoni, na mbele yake karatasi nne zimepangwa sambamba. Vijana wangu wanne walikuwa wamesimama ukutani kama washtakiwa.

"Karatasi nne, maneno moja," akasema Mkaguzi. "Nani nakopi kwa nani?"

Akawaeleza kwamba wizi wa mtihani adhabu yake ni moja tu, kufungiwa mlango wa chuo maisha yote. Kisha akamwelekezea Kiarie shina la kiko. "Wewe karani. Wewe najua kupita na karatasi. Wewe napa hawa wengine majibu."

Kiarie alinitazama. Na mimi, nasema kweli, nilitazama sakafu. Niliona kazi yangu ikiondoka, nikajiona nikirudi kwa mama bila tai. Nilikaa hivyo kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuupima. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Bwana Mkaguzi, hakuna aliyeiba. Insha hiyo ni yangu. Mimi niliitunga, mimi niliwakaririsha. Kama kuna wa kuadhibiwa, ni mimi."

Mkaguzi hakuniamini. Hakuna mtu, alisema, anayeweza kushika kichwani aya sita na koma zake zote. Hedimasta akakohoa, akasema kwa upole kwamba jambo hilo lingeweza kupimwa pale pale.

"Mzuri," akasema Mkaguzi. "Karani, kaa. Andika kitu hapana ya mwalimu. Mimi nasema hivi: Mwafrika napewa ruhusa ya panda kahawa mingi, yeye naharibu kahawa ya Kenya yote. Wewe jibu mimi kwa Kiingereza."

Kumjibu Mkaguzi, ana kwa ana, katika miaka ile! Kiarie alikaa, akashika kalamu, na kalamu haikusogea. Nilimfundisha kumeza na kutema, na sasa tumboni hakukuwa na kitu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye ncha ya pua. Kisha akainua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Naomba kibiriti, Bwana."

Mkaguzi alishangaa, akamsukumia kibiriti chake cha kiko. Kiarie alikifungua, akatoa njiti moja akaiweka mezani, akanong'ona kitu kwa Kikuyu. Akaweka ya pili. Ya tatu aliishika, akaifikiria, akairudisha, akachagua mahali pengine pa kuiweka. Zilipofika nne aliinamia karatasi akaanza kuandika, na hakuinuka mpaka mwisho.

Ndugu zangu, niliisoma karatasi ile juu ya bega la Mkaguzi, nikasahau hata kwamba mimi mwenyewe ni mshtakiwa! Njiti ya kwanza ilikuwa aya ya kwanza: alisema wazi kwamba hakubaliani. Ya pili ilimpa Mkaguzi haki yake, kwamba kweli mti usiotunzwa huambukiza shamba la jirani. Ya tatu ilieleza aliyoyaona kiwandani, kwamba kahawa ya gredi ya chini hutoka hata kwenye mashamba makubwa. Na ya nne iliuliza: mikono inayopogoa, kuchuma na kuchambua kahawa hiyo nzuri ya mashamba makubwa ni ya nani? Kiingereza chake kilikuwa chepesi. Hakukuwa na neno nene hata moja, na kila sentensi ilisimama kwa miguu yake.

Mkaguzi aliisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Kiko kilikuwa kimezimika, naye hakugusa kibiriti.

"Hii hapana kopi," akasema mwishowe. "Hii nasumbua mimi."

Vijana wote wanne walirudia mtihani. Watatu walipita, Kiarie akiwa mbele yao. Wa nne hakupita, na huyo namhesabu kuwa deni langu kila ninapojisifu. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaiweka ndani ya kamusi. Insha ya dhahabu niliitia jikoni, ikachemsha uji. Jumamosi iliyofuata niliingia darasani na fungu la vijiti, nikamwambia kila mmoja atafute la kunipinga. Kwa muda wote wa utumishi wangu, shule nne na mahedimasta saba, nilifundisha hivyo. Mahedimasta wengine walidhani nafundisha hesabu.

Nilipostaafu waliniandalia chakula katika shule ile ile ya Thika. Kiarie alikuja, sasa mhadhiri wa kilimo, mvi zimemjaa. Mimi katika hotuba yangu nilisimulia kisa hiki kama nilivyowasimulia, nikamalizia kwa kusema kwamba siku ile ofisini sikumfundisha Kiarie kitu, guka yake ndiye aliyemfundisha. Watu walipiga makofi. Kiarie akasimama, akatoa kibiriti mfukoni, akaweka njiti moja mbele ya sahani yangu.

"Mwalimu wangu amekosea," akasema. "Guka alinifundisha kupanga maneno. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu akimwambia Mkaguzi jambo asilotaka kusikia, akabaki amesimama. Nilimwona mmoja siku ile. Alichelewa kidogo, lakini alisema. Ndipo nikaomba kibiriti."

Mimi, mzee wa kubisha, nilikishika kile kibiriti nitafute njiti ya kumpinga. Nilikishika mpaka chai ikapoa, na mpaka leo, hapa kwangu Kiganjo, sijaipata.