Fundi wa Kitale aliyeisaka sauti ya mwalimu

Mvua imeacha matope mlangoni, lakini Wacera Gathogo hana habari nayo. Anachomeka flashi kwenye kipakatalishi cha mteja, anakiwasha na kusubiri. Skrini inawaka. Anajaribu kibodi, anaunganisha WiFi, kisha anachezesha wimbo na kuinamisha sikio karibu na spika.

"Sauti siiachi bila kuijaribu siku hizi," anasema. "Kuna mwalimu alinifunza."

Wacera, 36, hutengeneza laptop katika chumba kidogo karibu na soko la Kitale. Wateja wengi humjia wakilalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Yeye huwawekea Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, ambao yeyote anaruhusiwa kuuchungulia ndani na kuubadilisha.

"Watu hudhani mfumo ukiingia, kazi imeisha," anaeleza. "Lakini humo ndani kuna vifaa vingi, kila kimoja na mtengenezaji wake. Mfumo usipokijua kifaa, kinakaa tu hapo kama hakiko."

Mwalimu anayemtaja ni Wepukhulu, anayefundisha Historia Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma. Maradhi ya macho yalimpofusha akiwa tayari kazini. Tangu hapo amekuwa akiandaa masomo kwa programu inayomsomea kila kilicho kwenye skrini.

Mwaka jana programu hiyo ilianza kukwama katikati ya sentensi. Laptop yake ilikuwa mpya kiasi, ila ya bei nafuu na yenye nguvu kidogo. Mkewe, Everlyne, akamleta Kitale.

Wacera aliweka Linux, pamoja na programu yake ya kusoma skrini. Picha safi, WiFi shwari. Akamsogezea mwalimu mashine, akidhani kazi imekwisha.

Wepukhulu alibonyeza vitufe, akasubiri, akabonyeza tena.

"Madam, mbona hainiongeleshi?"

Spika zilikuwa kimya. Wacera akajaribu spika za masikioni, kimya vilevile. Alipochomeka kifaa kidogo cha sauti cha pembeni, kwenye tundu la USB, mashine ikazungumza, na Everlyne akapiga makofi.

Mwalimu hakufurahi. "Hii kitu ikianguka kwa bodaboda, nimeisha, bana," alisema. "Nitarudi kusomewa. Na mtu akikusomea, anasoma ile anataka yeye."

Wacera akamwomba aiache laptop kwake. Anakiri kwamba hakusukumwa na huruma peke yake. "Nilitaka kujua. Sauti imeenda wapi, na spika hazina shida?"

Alisoma majadiliano ya mafundi wa nchi mbalimbali mtandaoni. Akabadilisha mipangilio, akawasha upya, bila mafanikio. Hatimaye aliangalia mwaka wa chipu inayoendesha sauti, na hapo akacheka peke yake. Toleo la Linux alilokuwa akilitumia, alilolipenda kwa kuwa halimsumbui, lilitoka kabla chipu hiyo haijaundwa.

"Nilikuwa namwomba mzee amtambue mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa!"

Akapakua toleo jipya, akaliweka. Spika zikakwaruza, zikanyamaza, kisha zikatamka neno la kwanza. Wacera akazima na kuwasha tena kuhakikisha si bahati.

Aliipeleka laptop Kamukuywa mwenyewe. Katika chumba cha walimu, Wepukhulu alifungua somo lake, na sauti ikaanza kulisoma kwa Kiswahili cha ajabu ajabu, ikavunjavunja hata jina lake. Walimu wenzake waliangua kicheko.

"Wacha ivunje jina langu," Wepukhulu alisema. "Si inasoma?" Akaipunguza sauti, akaisogeza laptop karibu na sikio, akaendelea na kazi kana kwamba hakuna mtu chumbani.

Kisha akauliza swali ambalo Wacera hajamaliza kulijibu hadi leo: je, mtu asiyeona anaweza kuweka mfumo huu mwenyewe, toka mwanzo?

Wacera amegundua kuwa sehemu kubwa inawezekana, kwa kuwa hata hatua za kuuweka zinaweza kusomwa kwa sauti. Kinachomtatiza ni skrini ya kwanza kabisa ya mashine, ile inayotokea kabla ya mfumo wowote kuamka. Hiyo haisemi neno.

Likizo ijayo wawili hao wanapanga kukutana na vijana wasioona katika ukumbi wa kanisa Kamukuywa, wajaribu pamoja kuuweka mfumo huo. Wacera ameahidi kutogusa kibodi. Mashine ya kwanza kufutwa ili iwekewe mfumo upya itakuwa ya Wepukhulu, kwa ombi lake.

"Anzeni na yangu," anasema mwalimu. "Ikikataa, nitasomewa mpaka Madam ajue ni kwa nini. Na huyo hatalala kabla ajue."