Nilitaka sabuni za nje zizuiwe mpakani: yaliyonikuta Bwiza, na yaliyonikuta Uvira

Wakuu, salama humu ndani?

Mimi ni mtu wa Bujumbura, mtaa wa Bwiza. Siku zote nasoma tu nyuzi za wenzangu na kuondoka kimya kimya. Ila juzi nimekuta mnabishana kuhusu biashara huria. Wengine mnasema mipaka yote ifunguliwe, wengine mnasema inaua viwanda vyetu.

Nimeshindwa kunyamaza, maana jambo hilo limenivua nguo mara mbili.

Nitasema kama lilivyokuwa. Kama kuna mtu wa Bwiza humu na alikuwepo siku ile, anisahihishe nikikosea. Kiswahili chetu cha Buja kina Kifaransa na Kirundi ndani yake, mtanivumilia.

Kazi yangu ni kupika sabuni za kufulia, zile za mche. Alianza marehemu baba, kwenye ua wetu huu huu. Mawese yanatoka Rumonge. Kostiki, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, naipata kwa watu wanaoleta mizigo kutoka Dar.

(Shikeni hapo: kostiki yenyewe ni ya nje. Wakati ule hilo halikunipita kichwani hata kidogo.)

Nilikuwa na wafanyakazi wawili, wanaume wenye familia zao, wote wakazi wa Kinama.

Basi zikaanza kuingia sabuni za viwandani kutoka nchi jirani. Soko ni la pamoja, ushuru hakuna. Zimefungwa vizuri, bei iko chini ya yangu. Mwenye kiwanda kule ana mashine na umeme. Mimi hapa mafuta ya gari yakikosekana mjini, mawese yangu yanalala Rumonge.

Wateja walioniita jirani wakaanza kunipita kama hawanioni.

Nikafanya haraka. Sabuni ya mawese inatakiwa ikae ikauke mpaka iwe ngumu. Mimi nikaanza kuiuza ingali mbichi ili pesa izunguke. Nikaongeza na kostiki ili igande upesi.

Haikusaidia. Nikawasimamisha kazi wale wawili. Mmoja wao, Dieudonné, alisema tu, "Patron, Mungu ni mukubwa," akakunja aproni yake akaiweka juu ya pipa. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Ndipo wafanyabiashara wa mtaa tukaitisha réunion kwenye darasa moja la shule. Ajenda ilikuwa bidhaa za nje. Nilisimama nikaongea mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nikasema tuandike barua, sabuni za nje zizuiwe mpakani, hawa watu wanatumaliza. Makofi yalipigwa.

Akanyanyuka Hajati Mwajuma. Huyu ni mama wa makamo, ana duka karibu na msikiti na anauza hizo hizo sabuni za nje. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, shida ni mupaka ao ni sabuni?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi damu ikachemka. Nikasema sabuni yangu haishindwi na yoyote, kama hamuamini tujaribu hapa hapa.

Wakuu, hakuna aliyenilazimisha.

Yakaletwa mabeseni mawili na vitambaa viwili vyeupe vyenye doa la mawese. Sabuni zikakatwa vipande, karatasi zikaondolewa, mwenyekiti peke yake ndiye aliyejua ipi ni ipi. Akatakiwa mama mmoja wa kufua. Aliyejitokeza ni mke wangu, Zaituni. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, na nilimwona anatabasamu. Alitaka kunisaidia.

Akafua cha kwanza. Akafua cha pili. Akavikamua, akavitazama, kisha akainua kimoja juu kwa furaha:

"Hii! Hii ndiyo ya bwana yangu, mi naijua!"

Mwenyekiti akaziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa ile ya nje.

Darasa zima lililipuka kwa kicheko. Kilichoniua ni kwamba Zaituni alibaki anatabasamu na kitambaa chake juu, kwa sababu alikuwa hajaelewa bado. Hajati hakucheka. Alikuwa anaangalia chini.

Nyumbani niliingia nikakaa kitandani na viatu. Zaituni akaja akakaa pembeni yangu.

"Ulishindwa hata kutambua sabuni ya nyumba yako?" nikamuuliza.

"Niliona yenye imetoa doa, nikasema ni yako," akanijibu. "Nilitaka ikuwe yako."

Akanionyesha viganja vyake. Vilikuwa vimebabuka, ngozi inatoka.

"Tangu uanze kuuza mbichi inanichoma. Nguo za mutoto nafulia ile ingine. Nilikuwa naogopa kukuambia, ungeona ninakucheka."

Nilichukua mafuta ya mgando nikampaka mikono, basi.

Kwa muda mrefu nilikuwa nakwenda msikitini kwa kuzungukia njia za nyuma. Haikusaidia pia. Vijana wa kwenye baa wakiniona tu: "Hii ndiyo ya bwana yangu!"

Mwisho nilikwenda mwenyewe dukani kwa Hajati. Nilidhani ataninanga. Akanipa kiti na chai, akaniambia kuna wanawake wa Uvira, ng'ambo ya mpaka upande wa Congo, wanavuka kuja kwake kutafuta sabuni ya mawese ya zamani, iliyokauka vizuri. Hana pa kuipata. "Ile ya baba yako ndiyo wanataka," akasema.

Nikarudi kwenye kanuni za baba. Kostiki nikapunguza, sabuni nikaiacha ikauke. Hajati akanikutanisha na Mama Neema, Mkongo anayevusha bidhaa kwa njia ya Gatumba, pale mpakani, na Congo nayo imo kwenye jumuiya yetu. Mzigo ukaanza kutoka. Nikamrudisha Dieudonné. Mwenzake nilikuta ameshakwenda Tanzania kutafuta maisha.

Hapo ndipo wengi mngefunga uzi kwa furaha. Subirini.

Siku moja, wakati njia ya Gatumba ikipitika vizuri, nilimsindikiza Mama Neema mpaka Uvira nione soko langu. Nilitembea kifua mbele. Tukapita kwa mzee mmoja aliyepanga miche yake ya sabuni juu ya gunia, imekatwa kwa mkono kama yangu. Nikamsalimia, nikamuuliza biashara.

"Biashara gani, ndugu yangu? Hizi sabuni za Burundi zinatuua. Nilikuwa na watu wanaonisaidia, sasa niko peke yangu. Wangefunga tu ule mupaka."

Mama Neema akanitupia jicho.

"We unatokea wapi?" mzee akaniuliza.

"Mi ni mupitaji tu, baba."

Nilisema hivyo, wakuu. Mzigo wangu ulikuwa umeshushwa hatua chache kutoka pale.

Akachukua kipande cha sabuni yake akanipa. Nikataka kulipa, akakataa. "Apana, beba tu. Ukijaribu, utarudi kununua."

Nilivuka nacho mpaka Bujumbura. Nikafulia shati langu mwenyewe.

Ni sabuni nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Sabuni yake haina kasoro niliyokuwa nayo mimi. Yeye kinachomshinda ni bei yangu tu.

Nilichojifunza: soko huria limeniletea kostiki, limenipa wateja, limenitoa kwenye uvivu wa kuuza sabuni mbichi. Sitasema ni baya, nitakuwa mnafiki. Lakini asiniambie mtu kwamba kila anayeumia ameumia kwa uzembe wake. Mimi nilikuwa mzembe. Yule mzee hapana.

Hizo komenti zenu za "wasioweza kushindana wafe" nazisoma, na kila mara naiona sura yake.

Sabuni yangu bado inauzwa Uvira. Mimi mwenyewe pale kwa mzee sijapita tena, nashindwa.

Mngekuwa nyinyi, mngerudi kumwambia ukweli? Na mkishamwambia, mngeendelea kuuza? Nijibuni, hata kwa ukali. Nitasoma zote.